Hivi kwa nini wabobezi wa sheria ya ardhi na rehani hawakai vyuoni?

#1 Kokoto Nyeupe

Wakuu, habari za jioni.

Nina shahada ya kwanza ya sheria. Nimeitwa usaili wa mkufunzi msaidizi katika chuo kimoja cha serikali, eneo la sheria ya ardhi. Wakati huohuo benki niliyofanyia mafunzo kwa vitendo wamenipigia kwamba kuna nafasi kitengo cha sheria, kazi yenyewe ni kuandaa hati za rehani na kuhangaika na mikopo iliyokwama.

Katika kuulizauliza nimekutana na jambo linaloniumiza kichwa. Kila mtu anayeijua rehani kwelikweli yuko benki, au ana ofisi ya uwakili Posta. Darasani nilifundishwa rehani vipindi vichache mwishoni mwa muhula, mwalimu akikimbizana na mtaala, na notsi zake zilikuwa za kabla Sheria ya Ardhi haijarekebishwa 2008.

Hoja yangu: Tanzania sheria ya rehani ina watumiaji, haina wasomi. Anayepinga aje na hoja. Na anayejua aniambie kama mtu anaweza kujenga maisha ya usomi juu ya ardhi na rehani, au atakufa njaa.

Natanguliza shukrani.

#2 Siti ya Mbele

Kahawa ninayo, kashata ninazo. Endeleeni.

#3 Wakili wa Posta

Hapo kwenye "ofisi ya uwakili Posta" nimetajwa bila jina.

Jibu ni hela, wala halihitaji uzi mrefu. Nilikuwa mkufunzi msaidizi kabla sijaondoka. Ada ya kuandaa hati moja ya rehani ya kampuni inayokopa mabilioni ilinizidia mshahara wa mwezi. Na hati yenyewe sehemu kubwa ni ileile ya juzi, unabadilisha majina, namba ya kiwanja na kiasi cha mkopo. Chuoni unasahihisha mitihani hadi unaota namba za usajili za wanafunzi. Mtu mwenye watoto shule ya kulipia atachagua wapi?

#4 Mwalimu Chausiku

@Wakili wa Posta hela ni sababu lakini haitoshi. Walimu wa jinai na wa katiba wanalipwa mshahara uleule na mbona wapo?

Mdogo wangu Kokoto, ngazi zenyewe ni hizi. Kuingia ukufunzi msaidizi wanataka GPA ya 3.8 shahada ya kwanza. Uhadhiri msaidizi, shahada ya uzamili na GPA ya 4.0. Uhadhiri kamili ni PhD. Kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ukishakuwa mhadhiri hakuna anayekuuliza ulifundisha vizuri kiasi gani. Wanauliza umechapisha nini, na wapi.

Hapo ndipo rehani inapokuangusha. Jarida la nje halina hamu na kifungu cha 114 cha Sheria yetu ya Ardhi, kile cha ridhaa ya mwenza. Andika kuhusu wafugaji kuhamishwa, mashamba makubwa ya wawekezaji, wanawake na ardhi ya kijiji, utapata jarida, utapata fedha za utafiti na tiketi ya kongamano juu. Andika kuhusu mkopaji wa Mbezi aliyepewa notisi ya siku 60, utaambiwa mada ni ya kwenu mno. Vijana wanaingilia mlango wa rehani wanatokea ardhi ya vijiji. Mimi mmojawapo.

#5 Dalali Msomi

Nyie bishaneni tu. Mimi nina kidato cha nne na leseni ya udalali, ila mawakili ndio wananipigia kuuliza utaratibu. Notisi siku 14, tangazo gazetini, karatasi getini, gari la spika mtaani, nyundo chini. Nipeni uprofesa wangu.

#6 Wakili wa Posta

Dalali acha kupotosha watoto wa watu. Siku 14 ni za tangazo la mnada, zipo kifungu cha 12 cha Sheria ya Madalali, na tangazo lazima liwe kwa Kiswahili na Kiingereza, lionyeshe jina la mwenye mali na anakoishi. Kabla ya hapo benki lazima iwe imempa mkopaji notisi ya kushindwa kulipa chini ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi, siku 60 tangu aipokee. Ukiziruka 60 ukaanza na 14 zako, utakuta zuio la mahakama limekutangulia.

#7 Dalali Msomi

Siku 60 ni za benki, 14 ni zangu. Kila mtu na mzigo wake. Barua ya benki isipofika mezani kwangu, nyundo haitoki kwenye begi.

#8 Mzee wa Lumumba

Wanangu mnaongea kama nchi imeanza 2008.

Kitivo cha sheria kilianza 1961 kwenye jengo la TANU pale Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani, iliko kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwemo kijana wa Kiingereza, Patrick McAuslan, huyohuyo mtakayekuja kumsikia tena kwenye Sheria ya Ardhi. Ardhi lilikuwa somo la watu wazito. Profesa Mgongo Fimbo alifundisha ardhi na huku anasimama mahakamani kama wakili. Issa Shivji mnamjua. Kwa hiyo kusema ardhi haina wasomi ni kuwakosea watu adabu.

Rehani ndiyo ilikosa, na sababu si mshahara. Ilikosa soko. Benki zilitaifishwa 1967. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha. Ardhi tupu ikahesabika haina bei, unauza maendelezo tu: nyumba, minazi, mikorosho. Benki ya Nyumba ilianzishwa miaka ya sabini, ikafa 1995. Sasa mwanafunzi wa 1996 angebobea rehani ili amshauri nani? Somo lililala kwa kuwa kazi yake ililala.

#9 Msomaji wa Hukumu

Shikamoo Mzee wa Lumumba. Nipo Ujerumani, PhD yangu ni ya rehani hizihizi, kwa hiyo uzi huu umenigusa mahali pake.

Naongeza hapo ulipoishia. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ndiyo iliyosema ardhi ina thamani. Sheria ya Ardhi ikapitishwa 1999, ikaanza kutumika 1 Mei 2001. Hata hivyo ruhusa ya kuuza ardhi tupu ilisubiri marekebisho ya 2004.

Ila mimi nina sababu nyingine. Rais Mwinyi aliunda Tume ya Ardhi 1991, Shivji akiwa mwenyekiti. Tume ilitaka ardhi iondolewe mikononi mwa serikali kuu, ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikukubali, ikamwita McAuslan aandike rasimu, ardhi yote ikabaki mikononi mwa Rais kama mdhamini. Wasomi wakagawanyika, na ugomvi ule ulikuwa wa haki kabisa. Lakini wakati wao wanabishana nani ashike ardhi, mabenki walikuwa wanasoma Sehemu ya Kumi ya sheria, ile ya rehani. Wakalalamika, ikarekebishwa 2004. Wakalalamika tena, ikaja Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008. Sura nzima ya rehani imeandikwa upya kwa shinikizo la wakopeshaji, na upande wa pili wa meza hapakuwa na msomi.

#10 Mzee wa Lumumba

Marahaba binti. Hapakuwa na msomi au hakualikwa? Hayo ni mambo mawili.

#11 Msomaji wa Hukumu

Hapo sina jibu, Mzee.

#12 Mkazi wa Ngara

Hamjambo majirani. Naona mnajilaumu sana, lakini sisi Kenya tulipata msomi wetu mkubwa wa ardhi kupitia kwenu. Hayati Profesa Okoth-Ogendo alisomea sheria Dar es Salaam kabla ya kwenda Oxford, kisha akarudi kufundisha Nairobi hadi alipofariki 2009. Patricia Kameri-Mbote naye amefundisha sheria ya mali Nairobi miaka mingi, akawa mkuu wa shule ya sheria, kisha akaenda kuongoza kitengo cha sheria cha UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Kwa hivyo maisha ya usomi wa ardhi yapo, tena ya heshima.

Lakini angalia alichofanya kila mmoja. Sera ya ardhi, katiba, mazingira. Hata kwetu, chaji, yaani rehani, imeachiwa mawakili wa benki. Sheria yetu ya Ardhi ya 2012 inampa mkopaji miezi mitatu ya kurekebisha, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Kifungu chetu cha 97 kuhusu bei na cha kwenu cha 133 maneno yanakaribiana mno. Mtu angefanya utafiti wa kulinganisha hizo siku 60 zenu na hiyo miezi mitatu na siku 40 zetu, aone ni nani anayeokoa nyumba yake zaidi. Sijaona aliyeufanya ukanifurahisha.

#13 Siti ya Mbele

Kwa hiyo tunawasomesha, wanaondoka, kisha wanakuja kutuambia miezi mitatu. Sawa.

#14 Mkopo Umeiva

Nipo kitengo cha mikopo, benki siitaji. Niseme ukweli ambao walimu hawataupenda: benki haimhitaji profesa. Inamhitaji mtu makini na fomu.

Kazi ya rehani inapoharibika, mara nyingi inaharibikia kwenye ridhaa ya mwenza. Kifungu cha 114 kinasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza anayeishi humo. Mkopaji wetu mmoja alikuja na mkewe, mama mpole, kavaa vitenge, anajibu maswali yote. Picha mbili wamekaa pamoja mbele ya nyumba. Kiapo kipo. Barua ya serikali ya mtaa ipo, muhuri unaonekana. Mkopo ukatoka. Marejesho yalipokwama tukapeleka notisi ya siku 60. Akaja mwanamke mwingine na cheti cha ndoa cha kanisani, watoto watatu na wakili. Anauliza, "Huyu mwanamke pichani ni nani, na anafanya nini kibarazani kwangu?"

#15 Dalali Msomi

Na alikuwa nani?

#16 Mkopo Umeiva

Dada yake mwanaume. Kabisa, tumbo moja.

#17 Siti ya Mbele

😂😂😂 Kashata imenipalia.

#18 Wakili wa Posta

Na mwenyekiti wa mtaa alijua, nakuhakikishia.

Kwa wanafunzi mnaosoma: marekebisho ya 2008 yaliweka mambo mawili. Mkopaji ana wajibu wa kumtaja mwenza wake, na benki inatakiwa kuchukua hatua za kuridhisha kujua kama yupo. Mkopaji akiapa kwa kiapo au maandishi yenye shahidi, benki imetimiza lake. Kwa karatasi, benki ya @Mkopo Umeiva imepona. Mahakamani ni habari nyingine, jaji atauliza "hatua za kuridhisha" ni zipi kama hukumuuliza jirani hata mmoja.

#19 Msomaji wa Hukumu

Na hapo ndipo ninapomkatalia @Mkopo Umeiva kwamba hahitajiki msomi. Hukumu za ridhaa ya mwenza zimejaa TanzLII, ile tovuti ya hukumu, bure, kila mtu anazisoma. Ziko zinazompa ushindi mke aliyefichwa, ziko zinazosema mume ndiye aliyedanganya na benki haina kosa, na ziko zinazoshuku kwamba mke na mume wamepanga pamoja ili kuikwepa benki. Wakili anasoma ile inayomfaa kwa kesi ya kesho. Nani anazisoma zote kwa pamoja akasema mahakama inaelekea wapi? Hiyo ni kazi ya mtu anayelipwa kusoma bila haraka.

#20 Kokoto Nyeupe

Asanteni kwa michango. Nina kero moja nilitaka kuiweka tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya vile vipindi vichache vya rehani ilikwenda kwenye kesi za Uingereza. Noakes dhidi ya Rice ya 1902: mtu kaweka rehani baa yake kwa kampuni ya bia, wakamfunga anunue bia zao hata baada ya kumaliza deni. Mimi nakaa Mbagala. Inanisaidia nini?

Huenda hii nayo ni sababu: tunafundishwa rehani ya watu wengine, ndiyo maana hatubaki nayo.

#21 Mwana Mbarali

Naunga mkono. Futa hizo kesi zote.

#22 Mwalimu Chausiku

Msifute haraka. Kwanza, kifungu cha 180 cha Sheria ya Ardhi chenyewe kinairuhusu mahakama kuangalia misingi inayotumika nchi nyingine za Jumuiya ya Madola, mradi iendane na mazingira yetu.

Pili, Kokoto umeikumbuka bia ukaliacha fundisho. Fundisho ni kwamba rehani ni dhamana ya deni, basi. Deni likiisha, mali inarudi safi kama ilivyoingia, na mkopeshaji hana ruhusa ya kuweka kamba itakayobaki shingoni mwa mkopaji. Sasa njoo Mbagala kwako. Mtu ana mgonjwa Muhimbili, anahitaji milioni tano leo. Anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Mkopeshaji hataki rehani, wala hatamki neno riba. Anamsainisha mkataba wa mauziano ya nyumba, bei imeandikwa milioni saba, mashahidi wawili, na tarehe ya kuhama imeachwa wazi. Akilipa, karatasi inachanwa. Asipolipa, yeye "aliuza". Swali la kisheria ni lilelile la wale Waingereza: mahakama itazame jina la karatasi au shughuli iliyofanyika? Kwao walishaamua zamani kwamba kilichoanza kama rehani kinabaki kuwa rehani hata ukikibatiza jina gani.

Nikifundisha kwa mfano huo, hakuna anayesinzia.

#23 Dalali Msomi

Mwalimu umeingia chumbani kwangu. Hizo karatasi nazijua. Bei huwa wanaandika kubwa kidogo kuliko mkopo, ile tofauti ndiyo riba. Shahidi upande wa mkopaji huwa ni bodaboda aliyemleta. Na mkopeshaji anabaki na leseni ya makazi au barua halisi ya ofa ya kiwanja kwenye bahasha ya kaki, imeandikwa jina kwa kalamu ya wino mwekundu. Ukimuuliza anakwambia "hiyo si rehani, nilinunua, ila nina huruma nikamwacha akae."

#24 Wakili wa Posta

Kwenye Mabaraza ya Ardhi na Nyumba hizo ziko nyingi kuliko kesi za benki. Na mara nyingi mkopaji anashindwa, kwa sababu anakuja kusimulia na mwenzake anakuja na maandishi.

#25 Msomaji wa Hukumu

@Mwalimu Chausiku hiyo ni makala kabisa. Tuandike pamoja.

#26 Mwalimu Chausiku

Njoo inboksi. Jarida tutatafuta baadaye.

#27 Mthamini wa Changanyikeni

Wanasheria mnajitekenya na kucheka wenyewe. Ardhi mmetuachia sisi siku nyingi. Chuo Kikuu Ardhi kipo tangu 2007, na kabla ya hapo kilikuwa chuo kishiriki cha Mlimani, na zamani zaidi Chuo cha Ardhi. Wathamini, wapimaji, mipango miji, wote wanasoma sheria ya ardhi pale.

Chukueni hicho kifungu cha 133. Benki ikiuza kwa bei iliyopungua asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei ya mali za aina hiyo sokoni, inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo. Haya, nani anajua wastani wa bei ya soko? Mimi. Kwenye ripoti moja naandika thamani ya soko na thamani ya kuuza haraka, na ya pili huwa chini sana. Wakili wa benki anaishika ya pili, wa mkopaji anaishika ya kwanza, wote wananukuu ripoti yangu, na hakuna hata mmoja anayenielewa. Msomi wa rehani atatoka kwetu kabla hajatoka kwenu.

#28 Dalali Msomi

Bei ya soko ni ile aliyonayo mtu mfukoni siku ya mnada saa nne asubuhi. Nyingine ni hadithi.

#29 Mthamini wa Changanyikeni

Hasa mtu huyo akiwa shemeji yako.

#30 Dalali Msomi

Bro tuheshimiane. 😅

#31 Mwana Mbarali

Naomba kuwauliza watu wa Dar. Rehani mnayoongelea ni ya nani? Kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, TMRC, ilianzishwa 2010. Sheria ya kumiliki sehemu ya jengo ni ya 2008. Zote hizo ni za Masaki na Mikocheni. Huku kwetu tuna hati za kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu ziwekwe dhamana, lakini ukiipeleka benki afisa anaigeuzageuza kama noti bandia. Anaogopa, mkopo ukikwama amuuzie nani shamba ndani ya kijiji?

Haki yenyewe ipo. Mahakama ya Rufani ilishasema 1994, kesi ya Lohay Akonaay, kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Jaji Mkuu Nyalali alikuwemo. Ni mali mbele ya jaji, mbele ya afisa mikopo ni karatasi. Kwa hiyo usomi wa rehani umekosa wafuasi kwa sababu wananchi wengi hawamo ndani yake.

#32 Mkopo Umeiva

Tunazipokea baadhi, mkuu. Ila umesema kweli kuhusu mnunuzi.

#33 Mtoto wa Mwembetanga

Na sie wa Unguja tuingie kidogo. Hiyo Sheria yenu ya Ardhi ya 1999 kwetu haifiki, ardhi si jambo la Muungano. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, watu wakagaiwa ekari tatu tatu, na zile hazikutolewa kwa ajili ya kuuzwa. Baadae ikaja Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992. Sasa mtu aliyepewa ekari tatu na marehemu babu, warithi kumi na moja, anaiweka rehani vipi, na nani atie saini?

Jengine ni riba. Watu wengi kwetu hawataki mkopo wa riba. Benki ikinunua nyumba yenyewe kisha ikakuuzia wewe kwa faida ya wazi, kwa malipo ya kidogokidogo, hiyo ni murabaha. Je, mbele ya sheria hiyo ni rehani au ni mauzo mawili? Mwalimu wa ardhi ukimuuliza anakwambia kamuulize wa fedha. Wa fedha anakwambia kamuulize sheikh. Kijana anaetaka kubobea, nafasi hii hapa iko wazi mlango na dirisha.

#34 Kokoto Nyeupe

@Mtoto wa Mwembetanga hii sikuwahi kuifikiria. Asante sana.

#35 Siti ya Mbele

Mwenye uzi, kabla hujaenda kufundisha murabaha, Law School, kule wanakopikwa mawakili, umepita? Maana kule 2022 walifaulu 26 kati ya 633.

#36 Wakili wa Posta

Usinikumbushe. Iliundwa kamati ya Mwakyembe, naye alikuwa mwalimu wa sheria Mlimani, tukarushiana lawama: vyuo vinasema Law School inakomoa, Law School inasema vyuo vinaleta watu wasiojua kuandika.

#37 Mzee wa Lumumba

Zamani ulipimwa na watu wachache mezani, wanakukazia macho.

#38 Siti ya Mbele

Na ulifaulu, Mzee?

#39 Mzee wa Lumumba

Nilikuwa mmoja wa waliokuwa wanakazia macho.

#40 Mwalimu Chausiku

Turudi kwenye mada jamani. Kokoto, kufundisha hakuhitaji Law School, lakini nakushauri upite. Mwalimu wa rehani asiyeweza kusimama mahakamani kuomba au kupinga zuio atakuwa anasimulia.

Na usiogope kwamba ukiingia chuo umefunga ndoa na ufukara. Wahadhiri wengi wa sheria ni mawakili pia, na kazi za ushauri zipo. Ninachokuonya ni mtego wake: miaka ya kwanza unafanya kazi za nje ili upate muda wa kuandika, mwishowe huandiki kabisa. Ninao wenzangu ambao PhD imekuwa mgeni wa chumba cha nyuma, inaulizwa hali tu.

#41 Msomaji wa Hukumu

Njia ya Ujerumani nayo ipo, wala si ngeni. Migiro alifanya PhD Konstanz, Kabudi akafanya Berlin, wote wakiwa walimu wa sheria Mlimani kabla ya siasa kuwachukua.

Tatizo langu kubwa huku si fedha wala lugha. Ni takwimu. Nikitaka kujua ni nyumba ngapi zimeuzwa na benki bila kufika mahakamani, hakuna anayenipa. Hukumu ninazosoma ni za waliogombana. Waliouziwa wakanyamaza wakarudi kijijini siwaoni popote. Benki wanazo hizo habari, wanazifungia. Kwa hiyo hata msomi akikaa chuoni, anasoma nusu ya jambo.

#42 Mkopo Umeiva

Siri ya mteja, dada yangu.

#43 Msomaji wa Hukumu

Sihitaji majina, kaka. Idadi tu.

#44 Mkopo Umeiva

Andika barua kwa mkurugenzi.

#45 Msomaji wa Hukumu

Niliandika.

#46 Wakili wa Posta

Uzi umefika mbali: soko, McAuslan, majarida, takwimu, Masaki, riba, wathamini. Mimi nabaki palepale nilipoanza. Mlipeni mwalimu wa rehani anacholipwa mwanasheria wa benki, muone kama hatakaa.

#47 Mwana Mbarali

Atakaa, na ataendelea kufundisha rehani ya Masaki.

#48 Mzee wa Lumumba

Nyerere aliwalipa walimu kiasi gani, na mbona walikaa?

#49 Wakili wa Posta

Mzee, enzi hizo benki zote zilikuwa za serikali. Mngeenda wapi?

#50 Kokoto Nyeupe

Jamani swali la vitendo. Kwenye usaili natakiwa kufundisha kipindi kifupi cha mfano mbele ya jopo. Mada nachagua mwenyewe ndani ya sheria ya ardhi. Nilipanga kuchukua 114, ridhaa ya mwenza.

#51 Mwalimu Chausiku

Usichukue 114. Kila mtu anaichukua, jopo watakuwa wameshaisikia kabla ya chai.

#52 Mthamini wa Changanyikeni

133, bei. Nenda na ripoti mbili za thamani za nyumba moja, wagawie wanajopo, waache wabishane wenyewe.

#53 Dalali Msomi

133 iko vizuri, ila usinitaje.

#54 Mtoto wa Mwembetanga

Murabaha. Hawatakuwa na la kukuuliza.

#55 Mkazi wa Ngara

Hilo ndilo tatizo, wasipokuwa na la kuuliza watakunyima alama. Chukua ile karatasi ya mauziano aliyoeleza Mwalimu, ambayo ndani yake ni mkopo. Anza na ile karatasi, kesi ya baa iache mwishoni.

#56 Kokoto Nyeupe

Hii nimeipenda. @Dalali Msomi unaweza kunipatia nakala ya mkataba wa namna hiyo, majina yakiwa yamefutwa?

#57 Dalali Msomi

Ninazo za kutosha. Kesho pitia ofisini, Kariakoo, njoo na soda.

#58 Mama Wawili Tandika

Samahani kwa kutoka nje ya mada. Kaka yangu alisaini karatasi kama hiyo mwezi uliopita na yule mtu ameshaleta mafundi wanapima madirisha. Hati iko kwake. Tuanzie wapi?

#59 Wakili wa Posta

Mama, usimwache fundi aingie ndani. Fungua uzi wako sasa hivi na uniite, na mwambie kaka asisaini karatasi nyingine yoyote, hata ya kupokea hela.